Kila Mlima na Gia Yake

Sisi watu wa pwani tuna mazoea ya kusema kwamba haraka haraka haina baraka, kisha tukiisha kulisema neno hilo tunapanda nyuma ya pikipiki na kumwambia kijana akaze mwendo, kwani adhana imekaribia au feri inataka kung'oa. Mimi mwenyewe ni mmoja katika hao, wala sijitoi. Lakini safari moja niliyoifanya katika nchi ya Migori na Homa Bay, huko kando ya Ziwa Viktoria, imenifanya niitazame haraka kwa jicho jingine. Na ndugu msomaji akiniwia radhi, ningependa kumweleza niliyoyaona.

Nilikwenda Migori kumjulia hali shemeji yangu, ambaye ana duka la vitambaa huko kwa miaka mingi. Siku ya nne akanipa kifurushi nimfikishie sahibu yake aliyeko Homa Bay. Kutoka Migori barabara hupita Awendo, penye kiwanda cha sukari na mashamba ya miwa, hata ikafika Rongo. Hapo Rongo ndipo njia ya Homa Bay inapochepuka kuteremkia ziwani. Matatu niliyopanda ilikomea Rongo, na nilipoona saa ya adhuhuri inanikimbia, nikaita pikipiki.

Kijana aliyenichukua alikuwa na adabu zake, akaniita mzee, akanifungia kifurushi vizuri kwa mpira, tukaondoka. Tulipofika penye mwinuko wa kwanza nikasikia injini ikikohoa kama mtu mwenye pumu. Kijana alivuta mafuta mpaka mwisho, lakini pikipiki haikuwa na nguvu, mpaka akarudisha gia mara mbili ndipo tukajikokota tukafika juu. Nikasema moyoni kuwa chombo hiki ni kigonjwa. Kumbe mteremko ndio uliokuwa na mambo. Tulipoanza kushuka, kijana alitoa gia, akazima na injini kabisa, akaiachia pikipiki iende kwa uzito wake. Nikamuuliza kulikoni. Akanijibu, "Naweka akiba ya mafuta, mzee."

Wallahi, nilisikia upepo tu masikioni. Chini ya mteremko ng'ombe walikuwa wanavuka, nyuma yao mtoto mwenye fimbo. Kijana akakanyaga breki, na breki ikawa kama imechoka. Akatafuta gia, lakini injini imelala. Tukawapita wale ng'ombe kwa kupitia nyasini, tukaishia mtaroni. Alhamdulillahi hapakuwa na aliyevunjika. Mimi nilichubuka goti na kanzu ikapasuka pindo. Mtoto wa ng'ombe alisimama akitutazama kama watu wasio na akili, na sikuweza kumlaumu.

MENO YA MBELE NA MENO YA NYUMA

Tulipofika Homa Bay, kijana alikwenda kwa fundi chini ya mti, maana cheni ilikuwa imelegea. Nikakaa naye, kwa kuwa nilitaka kujua ule ugonjwa wa mlimani. Fundi, mtu mzima mwenye maneno machache, akafungua kifuniko cha cheni, akaigusa sproketi ya mbele, yaani lile gurudumu dogo la meno linalovuta cheni, akahesabu meno. Kisha akacheka akamwuliza kijana nani aliyemtilia hiyo. Kijana akatazama chini. Alikuwa ameitoa sproketi iliyokuja na pikipiki akatia kubwa zaidi, ili pikipiki ikimbie.

Hapo ndipo nilipopata darasa, nami nitalieleza kwa mfano wa kwetu. Wale waliopata kufanya kazi katika majahazi wanajua kwamba foromali na tanga lake havipandishwi mlingotini kwa mikono mitupu. Hupitishwa kamba katika gofia, na mabaharia wakavuta kamba nyingi ili foromali ipande kidogo. Wamelipa urefu wa kamba, wakanunua nguvu. Lau wangetaka tanga lipande upesi kwa kuvuta kamba kidogo, ingewabidi wawe na misuli ya tembo. Gia za pikipiki ni biashara hiyo hiyo. Gia ya kwanza inanunua nguvu kwa kulipa mwendo. Gia ya juu inanunua mwendo kwa kulipa nguvu. Hapana gia inayotoa vyote viwili bure. Wala elimu hii si ngeni kwa Waislamu, kwani Al-Jazari, aliyekamilisha kitabu chake cha mitambo mwaka 1206, alieleza humo mashine za kuteka maji zilizoendeshwa kwa magurudumu ya meno.

Basi na tufanye hesabu. Chukua pikipiki ambayo sproketi yake ya mbele ina meno 14 na ya nyuma meno 42. Ya mbele itazunguka mara 3 ndipo gurudumu la nyuma lizunguke mara 1. Sasa itoe ile ya mbele utie yenye meno 15. Mizunguko inayohitajika ni 2.8. Maana yake ni kwamba kwa kasi ile ile ya injini, pikipiki iliyokuwa ikienda kilomita 70 kwa saa itakwenda 75. Kijana hufurahi, akadhani amepata kitu cha bure. Lakini nguvu inayosukuma gurudumu imepungua kwa sehemu moja katika 15, na akipakia abiria na gunia, mlima utamdai sehemu hiyo palepale.

Liko jambo jingine ambalo sisi wa pwani hatulifikirii. Injini hula hewa pamoja na petroli, na kadiri unavyopanda juu ya usawa wa bahari ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi. Injini ya kawaida hupoteza kama sehemu moja katika 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000. Ziwa Viktoria lenyewe liko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, na Rongo na Migori ziko juu zaidi ya ziwa. Kwa hiyo pikipiki inayopepea Mombasa, ukiipeleka Migori, hufika imekwisha kupungukiwa na nguvu kabla hujaigusa. Mwenye kuongeza meno ya mbele huko anampunguzia chakula mtu aliyekwisha kuwa na njaa. Na mara nyingi hata ule mwendo anaoutamani haupati, maana injini haiwezi kuivuta gia ya juu, akabaki mlimani na gia ya pili huku wenzake wenye sproketi ya kiwandani wanampita.

DAKIKA MBILI ZA NANI?

Nilipomwambia kijana hayo, alinijibu neno ambalo yafaa tulisikilize. Alisema, "Mzee, mimi silipwi kwa saa. Nalipwa kwa safari. Na jioni mwenye pikipiki anangoja pesa yake." Hapana ubishi kwamba hilo ni kweli. Vijana wengi pikipiki si zao. Jioni ni lazima wapeleke fungu la mwenyewe, na kinachobaki ndicho cha nyumbani. Mtu wa namna hiyo ukimwambia aende polepole ni kama umemwambia alale na njaa.

Lakini hesabu ile ile inamjibu kwa upole. Katika safari ya kilomita 30, mwenye kwenda kilomita 70 kwa saa hutumia karibu dakika 26, na mwenye kwenda 75 hutumia dakika 24. Tofauti yake haifiki dakika mbili. Haimtoshi mtu hata kutawadha kwa utulivu. Na kwa dakika hizo amejitwika nini? Nguvu ambayo breki inapaswa kuizima huongezeka kuliko mwendo unavyoongezeka: kutoka 70 kufika 75, mzigo wa breki huzidi kwa karibu sehemu 15 kwa mia, na masafa ya kusimama huongezeka vivyo hivyo. Wale ng'ombe wa Rongo hawakuwa na habari ya kuwa tumeongeza jino moja.

Na lile la kushuka bila gia ni baya kupita yote. Pikipiki ikiwa ndani ya gia, injini yenyewe huishika isikimbie, nayo breki hupumzika. Ukiitoa gia, uzito wa chombo, wa abiria na wa mzigo wote umeuangushia breki peke yake. Ikipata moto hulegea, ukakanyaga usipate kitu. Fundi yule wa Homa Bay aliniambia kanuni ambayo madereva wa zamani wa malori waliijua: mteremko ushuke kwa gia ambayo ungeupandia. Petroli inayookolewa ni vijiko, na gharama ya goti langu ilizidi vijiko hivyo, bila ya kutaja kanzu.

Sisemi kwamba kubadili meno ni haramu. Wapo waendeshaji wanaopanda vilima vya Gwassi na magunia ya mahindi, nao hutia sproketi ndogo mbele au kubwa nyuma, wakaridhika kwenda taratibu na kufika. Hao wamelipa mwendo wakanunua nguvu, kwa kujua, kwa sababu ya njia yao na mzigo wao. Ninayemlaumu ni mwenye kubadili kwa kufuata sifa za vijiweni.

ADABU ILIYOPOTEA NJIANI

Wazee wanakumbuka kwamba boda boda ilianza kwa baiskeli katika miaka ya 1960, huko mpakani mwa Kenya na Uganda upande wa Busia, watu wakivushwa kutoka mpaka mmoja hadi mwingine. Baiskeli zile hazikuwa na gia za kubadili. Gia ilikuwa paja la mwendeshaji, na mlima ulipokuwa mkali abiria alishuka akatembea, bila ya kuona haya na bila ya kugombana. Ile ilikuwa adabu baina ya watu wawili: huyu anajua kiasi cha nguvu zake, na yule anaikubali. Mwaka 2008 serikali ya Kenya ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo, pikipiki zilienea kila kijiji, riziki ikapatikana, wagonjwa wakafikishwa hospitali usiku wa manane. Hiyo ni heri kubwa. Ila pamoja na paja la mwendeshaji tuliiacha na ile adabu ya kupima nguvu, tukadhani chuma hakichoki.

Kanuni za mwaka 2015 zinataka abiria awe mmoja, na kofia ngumu na jaketi la kung'aa zivaliwe. Ni kanuni njema, nasi tuzifuate. Polisi barabarani huuliza leseni na kofia. Sijapata kumwona aliyeinama kuhesabu meno. Basi hesabu hiyo hatuna budi kuifanya wenyewe. Anayemfunza kijana kuendesha asimfunze katika uwanja mtupu wa mpira, bali ampandishe mlima na kumshusha akiwa na abiria nyuma, mpaka mguu wake uijue gia pasipo kufikiri. Tena amwonyeshe kwamba pikipiki zote si moja: ziko ambazo gia zote hukanyagwa upande mmoja, na ziko ambazo ya kwanza huenda chini na zilizobaki juu. Fundi asitie sproketi kubwa kwa kuwa ameombwa. Kwanza amwulize mtu anapita njia gani na anabeba nini. Mwenye pikipiki naye afahamu kuwa fungu la jioni likizidi kiasi, yeye ndiye anayekanyaga mafuta hata akiwa amekaa barazani.

Wala tusijidanganye kwamba haya ni mambo ya bara. Kijana wa Likoni anayezoea tambarare, siku atakapompeleka mgonjwa Kwale na kuuanza mwinuko wa Shimba Hills, au atakapoteremka Mazeras jioni na abiria nyuma, atakutana na mtihani ule ule. Hao ni watoto wetu, na wanaopakiwa nyuma ni mama zetu na wake zetu.

Na sisi abiria tuna letu. Mtume wetu, sala na salamu zimshukie, alipoulizwa na bedui kama amwache ngamia wake na kumtegemea Mungu, alimwamuru amfunge kwanza kisha ategemee. Gia ndiyo kamba ya ngamia huyu wa chuma. Mwenye kuitoa mteremkoni kisha akasema Mungu atatulinda, amemwacha ngamia bila kufungwa. Tukimwona kijana anafanya hivyo, tumguse bega kwa upole tumwambie airudishe, wala tusimhimize kwa ajili ya feri. Feri itarudi.

Siku ya kuondoka Homa Bay nilimtafuta kijana yule yule anirudishe Rongo. Fundi alikuwa amemrudishia sproketi yake ya zamani. Tuliipanda milima bila ya kikohozi, na kila tulipoanza kushuka nilisikia injini ikinguruma kwa chini, imeshika. Hatukuwa wa kwanza kufika. Nilishuka nikamlipa, nikamwongezea kidogo juu ya nauli, akaniuliza ya nini. Nikamwambia ni ya zile dakika mbili.