Msaada wa Haraka Uanzie Ghalani

Katikati ya mwaka 2016 familia kadhaa katika mikoa ya Dodoma na Manyara zilianza kuugua: kutapika, kuharisha, macho kuwa ya manjano, tumbo kujaa maji. Mwanzoni uliitwa ugonjwa usiojulikana. Wataalamu walifika, wakapima wagonjwa na mahindi yao, wakakuta sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu wa nafaka. Watu 68 walihesabiwa kuugua. Kati yao 20 walifariki.

Wataalamu walifanya kazi yao. Ninachouliza ni kwa nini ilitubidi kuwangoja. Mwaka 2004 jirani zetu wa Kenya, pande za Makueni na Kitui, walizika watu 125 kwa sumu hiyo hiyo, iliyokuwa katika mahindi yaliyohifadhiwa bila kukauka. Sisi wa Dodoma, ambao njaa si mgeni kwetu, tulikuwa na miaka 12 ya kujifunza.

Tumezoea kutenganisha msaada wa dharura na matayarisho, kana kwamba ni kazi za watu wawili. Anayekuja kuchukua mahindi yenye sumu asilete mengine mahali pake, hajamsaidia mama mwenye watoto watano. Mama huyo atayaficha, atayatwanga usiku, na ugali utaliwa. Sumu hii haiishi kwa kupikwa. Na anayeleta chakula cha msaada alete pia maturubai ya kuanikia mavuno yajayo. Lori ni lile lile.

Wengine watasema hiyo ni kazi ya serikali. Ni kweli, Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inataka kamati hadi kijijini. Lakini ni nani anayejua nyumba ipi imebakiwa na debe moja la mahindi yaliyolowa? Jumuiya ndogondogo inajua, maana inasali humo kila wiki. Mwenyekiti wa jumuiya na aitwe kwenye kamati hiyo kabla ya mavuno, si siku ya mazishi.

Kwa sasa, kabla ya kujaza kihenge, twaa chupa kavu ya kioo, tia chumvi kavu na mahindi kidogo, funga, tikisa, uache kwa dakika chache. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi bado ni mabichi. Yarudishe juani, juu ya turubai au kichanja, si juu ya udongo. Punje zenye ukungu usiwape kuku, wala usizipikie pombe.