Mwacheni Mama Ainame

Mama akilalamikia kiuno, hukumu ya nyumba nzima hutoka siku hiyo hiyo: asiiname, asibebe ndoo, alale chali kwenye godoro gumu. Baadaye hununuliwa mkanda wa kiuno. Miezi inapita, maumivu yako palepale, na sasa hata kusimama jikoni mpaka chai ichemke kunamshinda. Tunasema ugonjwa umezidi. Kilichozidi ni udhaifu wa misuli, na tumemletea sisi kwa huruma yetu.

Imani kwamba kulala huponya kiuno ilistahili kuzikwa zamani. Mwaka 1986 watafiti wa Marekani waliwalaza baadhi ya wagonjwa wa kiuno siku 2 na wengine siku 7. Waliolala siku 7 walikosa kazi siku nyingi zaidi, na nafuu ya ziada hawakuipata. Kwa maumivu sugu, yaani yaliyopita miezi 3, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 unapendekeza mazoezi, na unashauri mikanda isitumiwe kama tiba ya kawaida. Lakini bado tunaiuza na kuivaa.

Kinachowatisha wengi ni picha za mgongo zinazopigwa hospitali. Mtu akishaambiwa "pingili zimesagika", anaanza kutembea kama aliyebeba mayai. Hakuna anayemweleza kwamba dalili za diski kuchakaa huonekana kwa takriban asilimia 37 ya vijana wa miaka 20 wasioumwa popote, na asilimia 96 ya wazee wa miaka 80 wasioumwa vilevile. Kwa walio wengi, picha hiyo haielezi maumivu yao.

Basi zoezi lipi? Utafiti haujapata moja linaloyashinda mengine yote kwa mbali, ndiyo maana mimi natetea mchanganyiko: kutembea kwa ajili ya pumzi, kuimarisha tumbo, mgongo na makalio, kunyoosha viungo, pamoja na maelezo yanayoondoa hofu. Mama aanze na dakika 10 za kutembea. Ainuke kitini bila kushika kitu. Alale chali, akunje magoti, ainue makalio. Abebe ndoo yenye maji kidogo, na wiki zijazo aongeze. Maumivu yakipanda kiasi kisha yakatulia, hajajivunja. Matokeo huhesabiwa kwa wiki na miezi. Anayeacha siku ya tatu hajajaribu.

Wapo wa kukimbizwa hospitali kwanza: aliyeshindwa kukojoa, mwenye ganzi katikati ya mapaja, miguu inayolegea, homa, kupungua uzito bila sababu, aliyeanguka vibaya au aliyewahi kuugua saratani.

Hao wengine wote wanastahili zaidi ya vidonge na neno "pumzika" kwenye cheti. Daktari aandike zoezi gani, mara ngapi kwa wiki, aongeze lini, na ampeleke mgonjwa kwa mtaalamu wa fiziotherapia atakayemwona akilifanya.