Kansere ya matiti: mashine ya mwanga ije, lakini ikute biopsi

Kila mwezi wa kumi, katika kampeni za Oktoba Rose, wanawake wa mashariki ya Congo wanahimizwa kujipima matiti. Shauri hilo ni jema. Lakini mama akigusa uvimbe, aende wapi?

Siku hizi kuna tumaini jipya: mashine zinazotumia mwanga. Mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, unapita ndani ya titi bila kuumiza. Himoglobini, inayobeba oksijeni katika damu, inafyonza sehemu ya mwanga huo. Kwa kuwa uvimbe wa kansere mara nyingi unajitengenezea mishipa mingi ya damu, mashine inaweza kuonyesha mahali damu ilipozidi na oksijeni ilipopungua. Kwa kuwa haitumii miali ya X, kipimo kinaweza kurudiwa mara nyingi, hata kwa wanawake vijana, ambao matiti yao mazito yanaisumbua mamografi.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1929, daktari Max Cutler wa New York alianza kumulika matiti kwa taa. Picha zilikuwa na ukungu, kwa sababu mwanga unatawanyika ndani ya mwili. Leza na kompyuta zimepunguza shida hiyo. Mwaka 2021, Marekani iliruhusu mashine ya Imagio, inayounganisha leza na ekografi.

Lakini hata hiyo inamsaidia daktari kuchunguza uvimbe ambao umekwisha kugunduliwa. Haikuja kufuta mamografi. Tena, mwanga hauthibitishi kansere. Kinachothibitisha ni biopsi: kipande cha uvimbe kinachukuliwa na kuchunguzwa kwa mikroskopu na mtaalamu.

Hapo ndipo serikali na wafadhili wanapaswa kuanzia. Mashine inapigwa picha siku inapokabidhiwa. Mshahara wa mtaalamu wa maabara unadaiwa kila mwezi, na hakuna anayeupiga picha. Shirika la Afya Duniani, OMS, linataka mgonjwa apate jibu kamili ndani ya siku 60 tangu afike kwa muganga. Mwaka 2022, kansere hii iliua watu 670 000 duniani. Muuguzi aliyefundishwa kupapasa titi, ekografi katika hospitali kubwa, biopsi ambayo familia inaweza kulipia, na njia ya kufikisha kipande hicho maabara: bila hivyo, siku 60 zitabaki ndoto kwa mama wa Walikale au Shabunda.

Mashine za mwanga zikaribishwe, zijaribiwe na vyuo vikuu na hospitali zetu, chini ya macho ya wizara ya afya. Zisiuzwe kwa wanawake kama jibu la mwisho. Na mama yeyote mwenye uvimbe, aliyeambiwa « taa haikuona kitu », ana haki ya kudai ekografi, na biopsi ikihitajika. Haki hiyo isingoje Oktoba nyingine.