Mtoto ana mafua, usidai antibayotiki

Msomaji, baridi ya Juni ikishuka kutoka Milima ya Uluguru, watoto wa Kihonda hadi Mwembesongo huanza kukohoa. Sisi wazazi tukifika zahanati tunataka “dawa kali”. Tukinyimwa, tunapitia duka la dawa kujinunulia.

Utafiti uliofanyika katika mikoa ya Morogoro na Mbeya mwaka 2021 na 2022 unatupa somo. Taasisi ya Afya Ifakara, NIMR Mbeya na wenzao wa Uswisi waliweka programu ya ePOCT+ kwenye vishikwambi katika zahanati na vituo vya afya 20. Vingine 20 vikaendelea kama kawaida. Programu humwongoza mhudumu hatua kwa hatua: aulize nini na apime nini, ikiwamo oksijeni kwenye damu.

Palipokuwa na kishikwambi, watoto 23 kati ya 100 waliandikiwa antibayotiki, kwingine, 70. Baada ya siku saba, ambao hawakupata nafuu walikuwa karibu wanne kati ya 100 pande zote mbili.

Maana yake, nyingi ya dawa hizo hazikuhitajika. Tukizizoea, vimelea hujenga usugu, na siku zikihitajika kweli zitagoma.

Kishikwambi hakitibu, anayetibu ni mhudumu. Serikali impe vifaa, umeme na mafunzo. Nasi tukiambiwa mtoto hahitaji antibayotiki, tuulize dalili za hatari, kisha tuamini. Akipumua kwa shida au akishindwa kunyonya, mrudishe mara moja.