Kutoka Mpumudde Hadi Mbale: Askari na Azijue Ngome za Nchi Yake

Katika jimbo la Andalusia, kusini ya nchi ya Hispania, ambako jua huwaka karibu mwaka mzima, ni shida kuukuta mji wa zamani usio na ngome. Málaga ina ngome yake, Almería ina yake, na Granada inayo ile iitwayo Alhambra, yaani "Nyekundu", ambayo masultani Waislamu walianza kuijenga mwaka 1238 na ambayo ilisalimishwa kwa wafalme wa Kikristo tarehe 2 Januari 1492. Hata neno Alcázar, ambalo Wahispania huziitia baadhi ya kasri zao, ni ndugu wa neno letu "kasri", kwani yote mawili yametoka katika Kiarabu. Watu wa mataifa yote husafiri kwenda kuyatazama majengo hayo, na wenyeji hupata riziki kwayo.

Lakini liko jambo moja la Alhambra ambalo linawahusu zaidi wasomaji wetu wa jeshi na polisi. Mwaka 1812, majeshi ya Ufaransa yaliyokuwa yameikalia ngome hiyo yalipokuwa yakirudi nyuma, yaliijaza baruti ili kuibomoa. Minara kadhaa ililipuka. Husimuliwa kwamba minara iliyobaki ilisalimika kwa sababu koplo mmoja wa kikosi cha askari walemavu, jina lake José García, alihatarisha maisha yake akazikata tambi za baruti kabla moto haujafika. Jina lake limeandikwa pale pale ngomeni. Kwa hiyo anayekwenda Granada leo kushangaa kazi ya mafundi wa masultani, anashangaa pia kazi ya koplo.

Hatuleti habari hii ili kumshawishi mtu aende Hispania. Askari wetu hana nauli hiyo, na wala hahitaji kwenda mbali hivyo. Tunaileta ili tuulize: je, sisi hatuna ngome? Na kama tunazo, ni askari wangapi wanaozijua?

Jibu la swali la kwanza ni rahisi. Ngome tunazo. Huko Sembabule kuna Bigo bya Mugenyi, mahandaki ya kale yaliyochimbwa mamia ya miaka iliyopita, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 10, na jina lenyewe "bigo" maana yake ni ngome. Kaskazini ya Gulu iko Patiko, ambako Samuel Baker alijenga ngome ya mawe mwaka 1872, mahali ambapo kabla yake wafanya biashara ya utumwa walikuwa wakikusanya watu. Katika pwani ya Afrika Mashariki iko Ngome ya Yesu ya Mombasa, iliyojengwa na Wareno kati ya mwaka 1593 na 1596, ikatekwa na Waarabu wa Oman mwaka 1698, ikawa jela ya wakoloni hadi mwaka 1958, na leo ni nyumba ya makumbusho. Ngome hizo hazina haja ya sifa zetu. Sisi tungependa kuzungumzia njia fupi zaidi, inayoanzia Jinja na kuishia Mbale, kwa sababu katika njia hiyo askari atakutana na mambo matatu yanayoihusu kazi yake mwenyewe.

Aanze na Mpumudde. Kilima hiki kimo katika mji wa Jinja, na askari wa kambi za Jinja anaweza kukifikia kwa miguu. Asitegemee kuona kuta ndefu wala lango la chuma. Mpumudde ni mahali alipofia Omukama Kabalega wa Bunyoro, tarehe 6 Aprili 1923. Mfalme huyo alipigana na Baker huko Masindi mwaka 1872, na tangu mwisho wa mwaka 1893 akapigana na majeshi ya Waingereza kwa miaka zaidi ya mitano, akihama kutoka msitu hadi msitu, hata akakamatwa katika nchi ya Lango tarehe 9 Aprili 1899, pamoja na Kabaka Mwanga wa Buganda, akiwa amejeruhiwa kwa risasi. Wote wawili walipelekwa uhamishoni katika visiwa vya Shelisheli. Mwanga alifia huko mwaka 1903. Kabalega aliruhusiwa kurudi akiwa mzee, lakini hakufika kwao akiwa hai. Alikata roho hapo Mpumudde, na mwili wake ukazikwa Mparo, karibu na Hoima. Jina Mpumudde maana yake ni "nimepumzika", na wako wasimulizi wanaolihusisha na mzee huyo aliyepumzika kabla ya kufika.

Kutoka hapo askari na aende Bukaleba, katika wilaya ya Mayuge, ufukweni mwa Ziwa Viktoria. Hapo ndipo ilipokuwa ngome ya Luba. Mwezi Septemba 1897, askari wa Kisudani waliokuwa wakiwatumikia Waingereza waliasi safarini. Mishahara yao ilikuwa midogo na mara nyingi ilichelewa. Walikuwa wamechoshwa na safari zisizo na mapumziko. Na sasa walikuwa wameamriwa kufunga safari nyingine ndefu, wakiwaacha jamaa zao. Malalamiko yao hayakupata msikilizaji. Wakarudi hadi Busoga, wakaingia ngome ya Luba, na askari wenzao waliokuwamo wakajiunga nao. Meja Thruston, aliyekuwa amekwenda kwao akiamini kwamba watamtii, alikamatwa. Tarehe 19 Oktoba, baada ya mapigano makali, waasi walimwua yeye pamoja na Wazungu wawili wengine.

Thruston huyo ndiye aliyekuwa akimwinda Kabalega katika Bunyoro mwaka 1894, na kazi hiyo aliifanya kwa nguvu za askari hao hao wa Kisudani. Kabalega aliyewindwa alikufa kitandani, mzee. Mwindaji alikufa mapema kwa mikono ya askari wake. Sisi hatusemi kwamba waasi walifanya vyema. Kuwaua mateka ni aibu kwa askari wa zama zote. Tena vita vile viliwaangamiza Waganda wengi walioitwa kusaidia kuizunguka ngome, watu ambao hawakuwa na deni lo lote katika ugomvi wa mishahara. Waasi wenyewe walikimbilia kaskazini, wakavunjwa nguvu huko Kabagambe mwezi Februari 1898. Lakini ni dhahiri kwamba ngome ya Luba haikuangushwa na adui kutoka nje. Iliangushwa kutoka ndani, na mlango ulifunguliwa na dhuluma iliyopuuzwa.

Somo hilo halikusikika. Miaka 66 baadaye, tarehe 23 Januari 1964, askari wa Jinja waligoma kwa ajili ya mishahara na kwa kuwa maofisa Waingereza walikuwa bado wakiwaongoza. Walimzuia waziri aliyekwenda kuzungumza nao. Serikali ya nchi changa, iliyokuwa imepata uhuru miezi 15 tu iliyopita, ililazimika kuwaita wanajeshi wa Uingereza waje kurudisha utulivu. Hapakuwa na aibu kubwa kuliko hiyo. Tunajiuliza: lau kila ofisa wa wakati huo angalipelekwa Bukaleba siku moja tu, akaambiwa yaliyotokea pale na kwa nini, je, malalamiko ya Jinja yangaliachwa yakomae mpaka yakapasuka?

Safari iishie Mbale. Mji huo una deni kubwa kwa Semei Kakungulu, jemadari wa Buganda, ambaye majeshi yake yalikuwamo katika kukamatwa kwa Kabalega mwaka 1899. Baada ya hapo aliendelea mashariki akijenga ngome za udongo na mahandaki katika Teso na Bukedi, akitumaini kwamba Waingereza watamtambua kuwa mfalme wa nchi alizoziteka. Hawakumtambua. Mwaka 1902 walimwondoa katika makao yake ya Budaka, naye akahamia Mbale akaujenga mji. Mwaka 1906 wakampa kazi ya kusimamia baraza la machifu wa Busoga, kazi iliyokoma mwaka 1913. Akarudi Mbale, akaachana na wakubwa wake hata katika dini, akaanzisha mwaka 1919 jumuiya ya Wayahudi iliyopo mpaka leo, akafa mwaka 1928. Mtu huyo aliwatia wengine katika minyororo kwa ajili ya ahadi, na ahadi haikutimizwa. Na wananchi wa Bukedi waliotekwa kwa ajili ya ahadi hiyo hawakuulizwa na mtu.

Basi hao ndio watatu wa njia yetu: mfalme aliyeshindwa, askari wasiolipwa, na jemadari aliyetumiwa akaachwa. Askari wa leo ni mrithi wa wote. Tusijidanganye kwamba sisi ni warithi wa Kabalega peke yake. Magwanda, gwaride, vyeo na hata Kiswahili tunachoamrishia kambini vilitujia kwa kiasi kikubwa kupitia majeshi yale yale yaliyomshinda. Kadhalika tusimpambe Kabalega kupita kiasi: jeshi lake la abarusura lilikuwa hodari vitani, lakini wakulima wengi wa wakati wake walilalamika kwamba liliwanyang'anya mali. Historia haimpi askari yeyote cheti cha usafi, bali humpa kioo ajitazame.

Wako watakaosema kwamba Mpumudde na Bukaleba hapana cha kutazama, kwa kuwa hapana jumba kama la Granada. Tunawajibu kwamba askari hufundishwa kusoma ardhi. Anayeweza kutazama mteremko na kusema adui atapita wapi, anaweza pia kusimama ufukweni Bukaleba akaelewa kwa nini waasi walipachagua mahali penye maji upande mmoja. Wengine watasema kwamba habari hizi zinafufua chuki za makabila. Sisi tunaona kinyume chake. Kinachofufua chuki ni habari isimuliwayo nusu, kila watu wakiichukua nusu inayowapendeza. Msoga, Mganda, Mnyoro, Mlango na Mgisu wakisimama pamoja mahali hapo na kuisikia yote, kila mmoja atakuta kwamba wazee wake walikuwa pande zaidi ya moja. Na wengine watasema hakuna fedha. Kwa safari ya Mpumudde hata petroli haihitajiki.

Kwa hiyo basi, tunapendekeza mambo machache yanayowezekana. Kwanza, kila mafunzo ya maofisa na ya askari wapya yafanyikayo Jinja na Mbale yatenge siku moja ya kuzuru mahali hapa, na mkufunzi aliyesoma awepo pamoja na mzee wa pale anayejua masimulizi ya kwao. Pili, askari aendaye huko aende kama mgeni: asimwamrishe mwenyeji, asiondoke na jiwe wala kigae, na asichonge jina lake juu ya mti au ukuta. Tatu, polisi wa vituo vya karibu wajue mipaka ya mahali pa kumbukumbu. Sheria ya kulinda mahali pa namna hiyo ilitungwa nchini mwaka 1967, lakini sheria haina macho. Macho ni ya konstebo anayepita na kuona mtu akichimba mawe ya msingi au akijigawia kiwanja. Nne, watoto wa kambini wachukuliwe pia, maana wengi wao huzaliwa kambi moja na kukulia nyingine, wasiijue historia ya pahali popote.

Tunajua hasara ya kuchelewa. Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 moto uliteketeza nyumba kuu ya makaburi ya Kasubi, na ilichukua miaka zaidi ya kumi kuisimamisha tena. Nyumba ya nyasi yaweza kujengwa upya kwa kuwa wako mafundi wanaoijua kazi. Handaki lililofukiwa na kulimwa viazi halina fundi wa kulirudisha, na mzee akifa na masimulizi yake hapana wa kuyasimulia kama yeye.

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Kwa askari neno hilo lina uzito wa pekee, kwa sababu askari asiyejua bunduki yake ilitumiwa na nani jana, na dhidi ya nani, ni rahisi kutumiwa vivyo hivyo kesho. Afande mwenye kikosi Jinja na aitazame ratiba yake ya mwezi ujao, aitafutie nafasi siku moja ya Jumamosi, awapandishe vijana wake Mpumudde asubuhi kabla jua halijawa kali. Wakifika juu wapumzike, wasimuliwe, waulize maswali. Na ofisa asiyeweza kuyajibu ayaandike, akayatafutie majibu kabla ya safari ya Bukaleba.