Cheka Ben Nevis polepole

Ukisikia kwamba Ben Nevis kule Scotland, mlima mrefu kuliko yote Uingereza, una mita 1,345 pekee, utacheka. Nairobi yenyewe iko juu zaidi ya hapo! Lakini cheka polepole, bana.

Kama unasoma Glasgow na mmepanga na marafiki kukodi gari Desemba, mpitie Loch Lomond na Glencoe hadi Loch Ness, sitakwambia usiende. Nenda. Ukiona milima ya Glencoe imevaa theluji, utasahau kwamba vidole vimekufa ganzi.

Shida ni kwamba wao pia huendesha upande wa kushoto, kwa hivyo tunajidanganya kuwa barabara tunaijua. Wapi! Barafu nyembamba juu ya lami huioni, na ukikanyaga breki ghafla, gari linateleza tu. Isitoshe, jua huchomoza karibu saa tatu asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi jioni. Usihesabu kilomita, hesabu mwanga.

Na dereva akisema "turudi", msimwite mwoga. Ziwa halihami. Picha mtapiga kesho.