AJALI INA KINGA

Tumezoea kusema kwamba ajali haina kinga. Gari likiteleza katika mvua, likapinduka mtaroni na kuua watu, aliyepona husema hivyo, mwenye gari husema hivyo, na mara nyingi hata sisi waandishi husema hivyo. Leo twataka kuupinga usemi huo. Kwa ajali nyingi za utelezi kinga ipo, nayo imekuwapo tangu mwaka 1995.

Dereva yeyote aliyepanda Kitonga siku ya masika ajua jinsi gari linavyoasi. Huasi kwa njia mbili. Pengine dereva hukata usukani lakini magurudumu ya mbele hukosa mshiko, gari likaenda moja kwa moja kana kwamba halikuamriwa. Pengine magurudumu ya nyuma ndiyo yatelezayo, mkia ukatoka nje, na gari likazunguka kama pia. Mtu aliyeshikwa na hofu hukanyaga breki kwa nguvu zote, na breki hiyo mara nyingi huzidisha balaa.

Mtambo wa elektroniki wa kulituliza gari hufanya kazi asiyoiweza mwanadamu. Una kipimo katika usukani kinachoujulisha ni wapi dereva ataka kwenda. Una vipimo katika kila gurudumu, na kingine kinachopima jinsi gari lenyewe linavyozunguka. Mara 25 katika kila sekunde moja hulinganisha matakwa ya dereva na mwendo wa gari. Ukiona tofauti, hupunguza nguvu za injini na kufunga breki ya gurudumu moja tu lifaalo. Mkia ukitoka nje, hufunga gurudumu la mbele la upande wa nje wa kona. Gari likikataa kupinda, hufunga la nyuma la upande wa ndani. Dereva ana kanyagio moja la breki kwa magurudumu yote manne. Hata angekuwa hodari namna gani, kazi hiyo hawezi kuifanya.

Katika magari mengine ya siku hizi usukani nao umeingia katika ulinzi huo. Magurudumu ya kushoto yakiwa topeni na ya kulia yakiwa penye lami kavu, breki zikifungwa gari huvutwa upande mmoja. Hapo mota ya umeme isaidiayo usukani humsukuma dereva mikono kidogo, kumwonyesha upande wa kuurudisha. Haimnyang'anyi usukani, humkumbusha tu, na neno la mwisho hubaki lake.

Lakini yatupasa kujua jinsi kinga hii ilivyowafikia watu wa kawaida. Mercedes-Benz na Bosch walipoileta mwaka 1995, waliitia kwanza katika magari ya matajiri. Mwaka 1997, nchini Sweden, waandishi wa gazeti la Teknikens Värld walilijaribu gari jipya dogo la Mercedes, A-Class, kwa kulikwepesha ghafula kama mtu amkwepaye mnyama barabarani. Gari likapinduka. Habari hiyo ikaenea duniani, kampuni ikasimamisha uuzaji kwa muda, na iliporudi sokoni ilikuwa imeutia mtambo huo katika kila A-Class bila kudai nyongeza. Kilichokuwa anasa kikawa haki, kwa sababu aibu ilitangazwa waziwazi.

Baadaye ikaja sheria. Marekani iliyalazimisha magari yote mapya madogo kuwa na mtambo huo kuanzia magari ya mwaka 2012. Nchi za Umoja wa Ulaya zikafanya vivyo hivyo kwa magari yote mapya kuanzia Novemba 2014. Serikali ya Marekani ilikuwa imekadiria mwaka 2007 kwamba magari yote yakiwa nao, watu kati ya 5,300 na 9,600 wangeokolewa kila mwaka katika nchi hiyo peke yake.

Sisi huku twanunua magari mengi yaliyokwisha tumika ng'ambo. Mnunuzi huuliza bei, huuliza mafuta, huuliza rangi. Twamsihi aulize pia kama mtambo huu umo. Akifungua swichi, ataiona taa yenye picha ya gari na alama mbili za kuteleza. Huwaka kidogo, kisha huzimika. Ikibaki inawaka, mtambo una kasoro, na gari lipelekwe kwa fundi. Yuko mwenye gari aonaye taa hiyo mwaka mzima na kuidharau, ila redio ikinyamaza siku moja hukimbilia gereji.

Wala mtu asidanganyike. Mtambo huu hauongezi mshiko ambao mpira wenyewe hauna. Mipira iliyokwisha meno, au ya ukubwa usiolingana, huufanya uwe kama mlinzi aliyefungwa mikono. Tena mwendo ukizidi mara mbili, nguvu ya kulisimamisha gari huhitajika mara nne. Dereva aendaye mbio katika mvua kwa kuitegemea taa ni mjinga kuliko yule asiye nayo.

Kwa hiyo twasema hivi. Sheria isiruhusu kuingizwa nchini gari jipya, dogo au basi, lisilo na kinga hii. Tajiri wa mabasi asimlaumu dereva kwa utelezi hali amempa mipira iliyochakaa. Mfanyakazi apandaye basi alfajiri kwenda kazini amelipa nauli sawa na wenzake, na uhai wake hauna bei ndogo kuliko wa mwenye gari la fahari. Kinga ikiwa ipo na sisi tumeiacha, basi tusiseme tena kwamba ni ajali.